Dirisha la Nane

Mzee Chilongani alipokufa, Mlezi wa shimo lao alikataa azikwe. Alisema, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi, kwamba mlango wa makaburi haufunguki kwa mtu ambaye bado hajazaliwa.

Habari ililetwa na Mama Nuru, nikiwa bado nakunywa chai ya asubuhi. Sisi wa Shimo la Sita hatuna shida ya redio. Mama Nuru anakaa ghorofa ya hasi mbili, mimi nakaa hasi tisa, na katika kushuka huko anapita kila mlango akikusanya na kugawa, hata akifika kwangu mzigo umeshakamilika.

"Pili! Umelala na dunia imepinduka? Chilongani karogwa!"

"Kafanywaje?"

"Karogwa, nakwambia. Jana siku yake ya kuzaliwa, watu wamejaa, wali umeiva. Kaenda msalani, mlango haumfungukii. 'Mlezi, ni mimi Chilongani.' Kimya. Na ile hewa baridi ya kitandani kwake ikakatika. Mara kashika kifua, huyo, chini! Na Mlezi badala ya kuita daktari unajua kafanya nini? Kamtukana."

"Mlezi hatukani, Mama Nuru."

"Kamtukana mbele ya wakwe! Mzee wa watu anakata roho, yeye anauliza, 'Mama ni nani? Mama ni nani?' Mtu mzima uulizwe mama yako katika hali ile, si tusi hilo? Wanawe walitaka kukivunja kipaza sauti."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ningejua nisingecheka. Nilipopata pumzi nikauliza tu, kwa ajili ya kuuliza, "Alikuwa anatimiza miaka mingapi?"

"Mia na ishirini na nane. Wa kwanza mji mzima kufika huko. Si ndiyo maana nasema kijicho?"

Kicheko kikanikauka mdomoni. Keshokutwa ya siku ile, hapahapa kwetu, Bi Siwema naye alikuwa anatimiza mia na ishirini na nane. Mchele wa sherehe ulikuwa umeshaanza kuchambuliwa.

*

Mimi ni fundi wa punje. Kazi sikusomea darasani; nilikaa chini ya ngazi na watu wanaoijua, nikawauliza mpaka wakachoka, na walipochoka nikawapikia wakaanza upya.

Kila mtu wa mashimoni, huku chini ya ardhi, ana punje yake chini ya mtulinga, ndogo kama mtama. Tangu joto la juu lilipotuharibia mioyo, punje ndiyo inayoushika mdundo. Inampigia moyo mtu ngoma, na moyo unacheza. Na Mlezi, ile mashine inayoendesha shimo zima, huisoma punje kabla ya kukufungulia mlango, kukupa hewa au kukupimia dawa. Punje ikisema wewe ni nani, ndivyo ulivyo. Ubishi utaumaliza mwenyewe.

Mafundi wa kule kwa Chilongani walinikabidhi punje yake mchana ule. Niliiweka chini ya kioo, nikatafuta mahali umri unapokaa.

Umri unakaa katika nyumba ya madirisha manane. Kila dirisha lina taa, na taa ama imewaka ama imezimwa, hakuna nusu. La kwanza likiwaka ni moja. La pili ni mbili, la tatu ni nne, kila moja ni mara mbili ya jirani yake, mpaka la saba ambalo ni sitini na nne. Unajumlisha yanayowaka, basi. Mtoto wa miaka mitano anawakisha la kwanza na la tatu. Mtu wa miaka mia na ishirini na saba anawakisha yote saba, nyumba inameremeta kama yenye harusi. Sasa aje mgeni mmoja zaidi! Hana pa kukaa. Taa zote saba zinazimika kumpisha, naye anasukumwa mpaka dirisha la nane.

Na dirisha la nane halikuwekwa kwa ajili ya wageni. Waliotengeneza punje walilitenga kwa ajili ya hasi. Likiwaka peke yake, ni hasi mia na ishirini na nane. Walilihitaji kwa sababu punje hupandwa mtoto akiwa tumboni, na wa tumboni huhesabiwa kwa wiki zilizobaki: hasi kumi, hasi tisa, hasi nane, mpaka sifuri, siku anapotoka analia. Kuanzia hapo ndipo punje inaanza kuhesabu miaka. Kwetu sisi hasi haina ajabu. Ni kama ghorofa zetu, unapanda kutoka hasi tisa mpaka unaufikia mlango wa juu penye jua.

Punje ya Chilongani ilikuwa na giza madirisha saba. La nane lilikuwa linawaka.

Kwa hiyo mzee yule hakurogwa. Alijaa, akafurika, akamwagikia upande wa wasiozaliwa. Na Mlezi hampi asiyezaliwa hewa yake, wala hamfungulii mlango, maana atakwenda wapi? Kila kitu chake humfikia kupitia kwa mama. Hata moyo wake punje haiupigii yenyewe. Inafuata mdundo wa mama, kama mgeni ngomani anavyofuata miguu ya mwenyeji. Chilongani alikuwa mgeni ngomani, na mwenyeji hayupo.

Punje haifutwi, wala dirisha haliongezwi. Lakini katika chumba cha Mlezi kuna swichi moja ya kale. Ukiiacha ilivyo, Mlezi analisoma dirisha la nane kama hasi. Ukiigeuza, analisoma kama namba ya kawaida: mia na ishirini na nane, mbele kwa mbele. Taa ni zilezile. Anayebadilika ni msomaji.

Niliruka pale nilipo. Nilishaanza hata kuimba. Halafu nikamkumbuka Hidaya, kitukuu cha Bi Siwema, mja mzito pekee katika shimo letu. Mtoto wake yuko hasi kumi na moja. Nikayapanga madirisha yake kwenye meza, nikayasoma kwa namna ile nyingine. Miaka mia mbili arobaini na tano.

Na Mlezi akikutana na mtu aliyepita mia mbili, hujua punje imeharibika. Huizima, na moyo nao unazimika.

*

Kwa Bi Siwema hupigi hodi. Unasukuma mlango kwa nyonga, maana mikono ya kila mtu ina sinia. Siku ile vyumba vyote viwili vilijaa wanawake wenye nyungo, mchele unarushwa, midomo haifungwi. Mwenyewe ameketi katikati juu ya godoro, mdogo kama kishada, macho yanacheza. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, kwa hiyo ni watani, na utani wetu hauna huruma.

"Karibu, mtani! Umefuata harufu. Chakula cha keshokutwa, Msukuma kafika leo na kijiko."

"Nimekuja kuangalia kama umeshaanza kuoza, nisichelewe kuzika."

"Utangoja! Mama, hebu mpe huyu kigoda, kabla hajakalia mchele."

"Haya, mwanangu," akaitika Hidaya, akanyanyuka na tumbo lake kuleta kigoda.

Watu wa nje huwa wanashangaa. Hidaya ana miaka ishirini na tisa, lakini alirithi jina la mama mzazi wa Bi Siwema. Ni somo yake marehemu. Basi tangu yuko kwenye nepi bibi huyu alimwita mama, akamwamkia shikamoo, akamnunia kama mtoto anayenyimwa kitu. Hidaya naye alikua akiitika, na kumgombeza inapobidi.

Nilikuwa nimepanga kusema na bibi faragha. Nyumba ile faragha haikuwahi kuingia. Aliutazama uso wangu, akaweka ungo chini.

"Sema. Chilongani alikuwa na nini?"

Nikasema. Nilipofika kwenye madirisha niliona naanza kumpoteza, nikabadili njia.

"Bibi, ukimtuma mtu, 'Niletee mbuzi,' atakuletea nini?"

"Akiwa jikoni ataleta wa kukunia nazi. Akiwa zizini ataleta wa supu."

"Umetamka maneno mawili?"

"Moja." Aliupapasa ungo. "Kwa hiyo namba yangu ni mbuzi."

"Ni mbuzi wa nazi. Lakini Mlezi ameketi zizini."

"Na kisu anacho," akasema Bi Siwema. Mchele ulikuwa umeacha kurushwa. "Basi mtoe zizini. Si wewe fundi?"

"Naweza. Kuna swichi."

"Ila?"

Macho yangu, mbwa hawa, yalikwenda yenyewe kwenye tumbo la Hidaya. Watu wote waliyafuata. Hidaya alikuwa bado ameshika kigoda. Akakishusha taratibu, akaweka mikono juu ya tumbo, mmoja juu, mmoja chini, kama anayeziba chungu chenye moto.

Nikawaambia yote. Mama Nuru ndiye aliyesema wa kwanza, kwa nia njema, maana nia yake siku zote ni njema. "Sasa si atolewe tu huyo mtoto leo? Wako waliozaliwa wiki kumi na moja kabla, leo wanabeba maji. Akishatoka ni sifuri, swichi inageuzwa, kila mtu anakula wali."

"Na akitoka akafa?" akauliza Bi Siwema.

"Bi mkubwa, mimi nasema tu..."

"Chambua mchele, Mama Nuru."

Mwingine akasema Hidaya ahamishiwe shimo jingine. Kupitia wapi? Juu, katika joto la mwezi ule, mja mzito hamalizi hata uwanja wa mlangoni. Wa tatu akataka nimdanganye Mlezi. Kuhusu umri Mlezi hasikii uongo wa mdomo, anasoma taa. Shauri baada ya shauri, likirushwa na kupepetwa na kuanguka.

"Mtani," akasema Bi Siwema mwishoni. "Swichi hiyo usiiguse. Ukiigusa, nikiamka hai, nitakulaani kwa Kizaramo, na laana ya Kizaramo haina tafsiri. Kilembwe changu nimemngoja miaka mingi kuliko wewe ulivyoishi."

Halafu akaomba wimbo. Watu waliimba, ndiyo, lakini kila mmoja kwa mahadhi yake.

*

Hidaya alinijia kesho yake mchana, peke yake, amefunga mtandio kana kwamba ndani ya shimo kuna mtu asiyemjua.

"Da Pili. Geuza."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nikikaa nitafikiri. Geuza hiyo swichi kesho kabla ya saa nne. Saa yake ya kuzaliwa ni saa nne."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua. Mtoto simjui, da Pili. Sijamwona. Bibi namjua. Mama yangu aliponiacha ni nani aliyenilea? Nani aliyekuwa ananitafunia nyama? Watoto nitazaa wengine. Yeye nitampata wapi?" Alisema yote hayo mkono wake ukizunguka juu ya tumbo, pole pole, kama mtu anayembembeleza mwingine asisikie.

"Na Shaibu je?"

Shaibu ni mumewe. Alikuwa ameshapata nyumba milimani, kwenye baridi ya kweli, madirisha yanafunguliwa. Mpango ulikuwa mtoto akizaliwa, joto likipungua, Hidaya amfuate. Shimo zima lilijua. Tulishaanza hata kugombania chumba chake.

"Shaibu atalia kisha atanyamaza. Mimi nitamtazamaje mtoto nikijua ndiye aliyeniulia bibi?"

"Na bibi atakutazamaje akijua umemuulia kilembwe?"

Akakaa. Alilia kwa aibu, kama watu wa kwao wanavyolia, wakigeukia ukuta. Nilimshika mgongo. Chini ya kiganja changu nilihisi moyo wake ukienda mbio, na nikajua tumboni kuna punje ndogo inayoufuata ule mwendo, hatua kwa hatua, bila kujua tunazungumza nini juu yake.

"Sikuahidi kitu," nikamwambia.

Na kweli sikuahidi. Lakini alipoondoka nilikwenda chumba cha Mlezi, nikavuta waya kutoka kwenye ile swichi mpaka hasi tano kwa Bi Siwema, nikaupitisha nyuma ya kabati lake, mwisho wake nikafunga kitufe. Nilijiambia ni tahadhari. Fundi akishasema neno tahadhari, ujue hajui anachofanya.

Usiku ule sikula. Kila nikimfikiria mmoja, mwingine ananiuliza, na mimi je? Mmoja alikuwa na hadithi mia, na kicheko, na deni la utani nisilolimaliza. Mwingine hakuwa hata na jina. Alikuwa na taa sita tu kati ya nane, na kiganja cha mama yake juu.

*

Asubuhi watu walikuja kama wanaokuja harusini na msibani kwa pamoja, hawajui wavae nini. Pilau ilikuwa jikoni. Bi Siwema amevalishwa khanga mpya, mkononi hina, na ameamrisha asiwepo wa kulia kabla yake.

"Mtani," akaniita. "Nikienda, nani atanitania kwenye jeneza?"

"Mimi. Nitalala ndani yake nidai urithi."

"Utabana. Punguza makalio."

Watu wakacheka, kicheko kile cha kukimbia kitu. Mimi nilisimama karibu na kabati, kitufe kimo kiganjani. Hidaya alikuwa upande wa pili wa chumba, mgongo ukutani. Alinitazama. Midomo yake ikasema bila sauti: geuza. Bi Siwema aliuona mdomo ule, akanigeukia. Alitikisa kichwa mara moja.

Nilikuwa na kioo changu cha kusomea punje, nimekifunga karibu na mtulinga wa Bi Siwema. Madirisha saba yanawaka. Harusi. Mama Nuru alianza kuimba kitu akakiachia njiani.

Halafu yakazimika. Yote saba kwa mara moja, na lile la nane likawaka peke yake, jekundu, kama jicho la mtu aliyeamshwa.

Hewa ya kitandani ikakatika. Bi Siwema alifungua mdomo kama anayetaka kusema mzaha wa mwisho, hakikutoka kitu. Mkono ukaenda kifuani. Punje yake ilikuwa inangoja mdundo wa kuufuata. Punje inaweza kungoja. Moyo hauwezi.

"Kiumbe kipya," akasema Mlezi kutoka darini, kwa upole wake uleule. "Mama ni nani?"

"Ameanza!" akapiga kelele Mama Nuru. "Ameanza matusi yake! Nyamaza wewe mwanahizaya!"

"Mama ni nani?"

Watu walipandwa na hasira, mmoja alikuwa ameshachukua mwiko. Na mimi nilisimama pale, fundi mzima, dole gumba juu ya kitufe, nikasikia lile swali kwa mara ya kwanza kama swali: Mlezi anauliza punje ifuate mdundo wa nani. Lilikuwa neno moja tangu mwanzo. Sisi ndio tuliokuwa zizini.

Nilitaka kusema. Lakini ningesema nini? Mama yake Bi Siwema amelala ardhini karibu miaka sabini. Niliona midomo yake inabadilika rangi. Dole langu likaanza kushuka, au likaanza kuondoka, Mungu anajua.

Bi Siwema aliogopa. Alikuwa ameahidi kutoogopa, na utani wote ule ulikuwa wa kutuondolea sisi hofu, lakini ilipofika alikuwa mtoto kama tulivyo sote. Akanyoosha mkono wenye hina kupita vichwa vya watu, kumtafuta yule aliyemwita kila siku alipotaka maji, alipotaka chumvi, alipoota vibaya.

"Mama," akasema. "Mama, nishike."

Hidaya hakufikiri. Alikuja akikanyaga masinia. "Nipo, mwanangu. Nipo hapa." Akaupokea ule mkono, akauweka kifuani pake.

Darini kukawa kimya.

"Mama ni Hidaya," akasema Mlezi. "Mimba ya pili imepokelewa. Hongera."

Kwenye kioo changu mstari wa moyo uliokuwa umelala ukaruka mara moja. Ukalala. Ukaruka tena, ukaruka, ukashika mwendo: mwendo wa mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyetoka kuruka masinia. Bi Siwema akavuta pumzi kwa sauti kama mlango wa zamani. Macho yakafunguka, makubwa.

"Aa!" akasema. "Mbona unanikimbiza hivi?"

Nyumba ililipuka. Vigelegele, kilio, mtu anamkumbatia mtu asiyesema naye tangu Ramadhani. Mama Nuru alikaa chini kwenye pilau. Mimi nilikiweka kitufe sakafuni taratibu, kama yai, na ilibidi nitumie mkono wa pili kulitoa dole mahali pake.

*

Sherehe ilipopoa nilipiga hesabu, maana hesabu ndiyo iliyotufikisha pale. Mlezi anamhesabu Bi Siwema kama wa tumboni, na wa tumboni huhesabiwa kwa wiki. Wiki mia na ishirini na nane mpaka sifuri. Miaka miwili na nusu, halafu Mlezi atampigia vigelegele kwamba amezaliwa, atampa hewa yake na dawa yake, na pengine maziwa.

"Kwa hiyo nitazaliwa," akasema Bi Siwema, kinywa kimejaa nyama. "Mtani, utaniletea nepi."

"Nitakuletea na kamba ya kukufungia."

Lakini Hidaya hakuwa anacheka. Alikuwa ameketi pembeni mwa godoro, mkono bado umeshikwa. Nilikuwa nimeshampa hayo mengine, mdomo kwa sikio, kwa sababu sikuwa na jinsi. Mdundo wa mama unafika urefu wa chumba, hauvuki zaidi. Alipokwenda msalani tulimbeba bibi mpaka mlangoni. Atalala hapa, ataoga hapa. Swichi nayo siithubutu tena: wa tumboni akiruka ghafla kupita mia, Mlezi atajua punje imeharibika, ataizima. Na baada ya wiki kumi na moja mtoto wa kweli atatoka, na Mlezi hajawahi kuona mapacha wanaozaliwa mmoja leo mwingine mwaka wa tatu. Kama atafunga faili la mama siku ile, au ataliacha wazi, mimi sijui. Nimeshafungua mashine ile mara ngapi tangu hapo, bado sijui.

Na milimani kuna nyumba yenye madirisha yanayofunguliwa.

Hidaya aliutazama mlango. Mara moja tu, kama mtu anavyotazama saa. Hakuna mwingine aliyemwona, watu walikuwa wanagombania ukoko. Lakini Bi Siwema aliacha kutafuna. Akaweka kiganja juu ya kifua chake mwenyewe.

"Unaogopa, mama."

"Siogopi."

"Unaogopa. Ninao huku." Aligonga kifua kwa kidole, taratibu, halafu haraka, halafu haraka zaidi, akifuata kilichokuwa kinagonga kutoka ndani. "Usinifiche. Sasa huwezi."

Hidaya akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Akavuta nyingine, ndefu kuliko ile. Kidole cha Bi Siwema kikapunguza mwendo. Kikapunguza tena. Kope za bibi zikaanza kushuka.

Hidaya aliendelea kupumua hivyo, bila kusogea, akiutuliza moyo wake kwa nguvu kama mtu anayeshikilia mlango, mpaka wale wawili, wa godoroni na wa tumboni, wakalala.